KUHAMISHA MICHE YA PASHENI NA KUIJENGEA WAYA

Mti wa pasheni ni mgeni katika nchi yetu. Kwao ni Amerika ya Kusini, na mapadre wa Kihispania walioliona ua lake huko zamani walidhani kwamba wanaona ndani yake misumari na taji la miiba la mateso ya Kristo, ndipo mti ukapewa jina hilo. Wenzetu wa pwani huyaita matunda yake karakara. Jina lo lote utakalolitumia, jambo la kwanza kulijua ni kwamba mti huu hauwezi kusimama peke yake. Hushika cho chote kilicho karibu: ua, mpapai, hata paa la jiko. Ukikosa pa kushika hutambaa chini, na matunda yanayolala juu ya udongo wenye maji huoza.

Ndiyo sababu twasema tangu mwanzo kwamba katika kazi hii mche ni rahisi, lakini nguzo na waya ndivyo vitu vya gharama. Wako wakulima wanaogeuza mambo haya. Hununua miche, huipanda mvua inyeshapo, halafu hungoja fedha za waya. Baada ya miezi mitatu mche umekwisha jifunga katika mabua ya mahindi na katika majani, na kuufungua ni kuuvunja. Asiye na nguzo na waya mwezi wa Oktoba, heri asipande mwezi wa Novemba.

PASHENI GANI YAFAA BURA

Twasema Bura ya Taita, katika njia ya Voi kwenda Taveta, wala si Bura ya mto Tana. Kuna pasheni za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya zambarau, tunda dogo lenye utamu na harufu nzuri, nayo hupenda nchi ya baridi. Hustawi vizuri panapozidi futi 4,000 juu ya bahari, kama vile Wundanyi na vijiji vingine vya vilimani. Ya pili ni ya manjano, yenye tunda kubwa zaidi na maji mengi na uchachu kidogo, nayo huvumilia joto la nchi ya chini.

Voi iko karibu futi 1,900 juu ya bahari, na kilele cha Vuria chapita futi 7,200. Mashamba ya Bura yako kati ya viwango hivyo viwili, mengine uwandani kabisa na mengine yakipanda mlima. Mwenye shamba la uwandani achague ya manjano bila kusitasita. Mwenye shamba la juu aweza kujaribu ya zambarau, lakini anunue miche iliyounganishwa, yaani kichwa cha zambarau juu ya shina la manjano. Sababu yake ni ugonjwa wa mnyauko unaokaa udongoni. Ugonjwa huo huua mizizi ya zambarau, lakini mizizi ya manjano huustahimili. Kituo cha utafiti cha KALRO kimetoa pia pasheni za manjano zilizo tamu kuliko zile za zamani, nazo huitwa KPF 4, KPF 11 na KPF 12. Ulizeni habari zake kwa afisa wa kilimo wa wadi.

Maelezo yanayofuata ni ya pasheni ya manjano.

HESABU MAJI KABLA YA KUHESABU MICHE

Tuseme unataka mistari miwili, kila mmoja wa futi 120, na miche 8 katika kila mstari. Hiyo ni miche 16. Wakati wa kiangazi kila mti utataka debe moja la maji, yaani lita 20 hivi, mara mbili kwa juma. Hayo ni madebe 32 kila juma. Ikiwa mfereji wapita kando ya shamba lako, au una bomba au tangi la maji ya paa, si neno. Lakini ikiwa maji huletwa kichwani au kwa punda, jiulize ni nani atakayeyaleta mwezi wa Februari, na tena tangu Juni mpaka Septemba. Mara nyingi si yule aliyenunua miche. Basi zungumza na mama wa nyumba kabla ya kununua. Miti 8 inayonyweshwa vizuri itakupa matunda zaidi kuliko miti 16 yenye kiu, kwa sababu mti wa pasheni ukikauka udongo huangusha maua yake yote na matunda machanga pia.

KUOTESHA MICHE

Mvua ya vuli ndiyo ya kutegemewa zaidi katika nchi yetu ya chini kuliko ile ya masika, kwa hiyo panga kazi yako ili miche iwe tayari mwanzo wa Novemba. Maana yake ni kwamba mbegu ziingie kitaluni mwanzo wa Agosti.

Chagua matunda yaliyoiva hasa, yaliyoanguka yenyewe, nawe uyatoe katika miti mitatu au minne mbalimbali, tena kwa wenye mashamba mbalimbali ikiwezekana. Usichukue mbegu za mti mmoja tu. Sababu tutaieleza mbele, nayo ni kubwa. Kamua mbegu pamoja na maji yake katika bakuli, uziache siku mbili au tatu, kisha uzioshe katika maji safi mpaka utelezi utoke, na kuzianika kivulini. Zipande upesi, maana mbegu iliyokaa miezi huota polepole na nyingine hazioti kabisa. Tia mbegu mbili au tatu katika kila kifuko cha kitalu, au katika kopo lililotobolewa chini, na baadaye bakiza mche mmoja ulio bora.

Miche ikifikia urefu wa futi moja hivi, yaani baada ya miezi mitatu, anza kuizoeza taabu. Kwa muda wa majuma mawili punguza maji na ondoa kivuli kidogo kidogo. Mche uliolelewa kwa kivuli na maji kila siku, ukitolewa ghafla katika jua la Bura, hunyauka siku ile ile.

NGUZO NA WAYA

Sasa tufike kwenye kazi kubwa. Mistari yako ielekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi liangaze upande mmoja na la alasiri upande wa pili. Kati ya mstari na mstari acha futi 10.

Kila nguzo iwe na urefu wa futi 8. Futi 2 huingia ardhini na futi 6 hubaki juu. Usizidishe hapo, kwa kuwa atakayepogoa hana budi kuufikia waya kwa mkono bila ngazi. Wakulima wengi wa pasheni ya zambarau huacha futi 20 kati ya nguzo na nguzo. Kwa Bura twapenda futi 15, maana pasheni ya manjano ina majani mengi, na upepo wa uwandani ukiyapata majani hayo huyasukuma kama tanga la dau. Kwa mstari wa futi 120 utahitaji nguzo 9, na katikati ya kila nafasi kutakuwa na mche mmoja. Kwa mistari miwili nguzo ni 18.

Adui wa nguzo huku kwetu ni mchwa. Bora ni nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, kama zile za umeme, ingawa bei yake si ndogo. Ukitumia miti ya kwako, iache ikauke, uiondoe maganda, kisha uchome sehemu itakayoingia ardhini, pamoja na nusu futi juu yake, mpaka nje iwe nyeusi kama makaa. Nguzo ya namna hii itakaa muda mrefu kuliko iliyotiwa mbichi, lakini itazame kila mwaka. Watu wa karibu na mashamba ya katani ya Mwatate hupenda kutumia milingoti ya mkonge kwa sababu ni myepesi na rahisi. Kwa kibanda cha kuku yafaa. Kwa pasheni haifai kuwa nguzo, kwa maana itaoza kabla ya mti kumaliza uzazi wake, na siku itakayovunjika itakuwa ni siku mti umejaa matunda. Walakini weka mmoja au miwili kando, tutaitafutia kazi nyingine.

Nguzo za mwisho, mbili kwa kila mstari, ziwe nene kuliko nyingine, nazo zishikwe. Zika jiwe kubwa futi 3 chini, hatua mbili nje ya mstari, ukiwa umelifunga waya, na waya huo uupandishe mpaka kichwa cha nguzo. Watu huliacha jambo hili kwa kuwa siku ya kwanza nguzo husimama vizuri bila jiwe. Uzito huja baadaye, mvua imelainisha udongo na matunda yameshika, ndipo nguzo ya mwisho huinama ndani, waya hulegea, na mstari mzima hulala chini na kukatika mashina.

Nunua waya laini usio na miiba, maana miiba hukata matawi. Waya wa geji 14 hutosha. Mwenye uwezo achukue geji 12, nao ni mnene zaidi. Kadiri namba inavyopungua ndivyo unene unavyozidi. Waya mmoja wapita juu ya vichwa vya nguzo zote, umeshikwa kwa misumari ya pembe mbili iliyopigwa bila kubana kabisa, ili siku ukilegea uweze kuuvuta tena. Kwa mistari miwili ya futi 120 nunua kama futi 300, ili upate wa kufungia mawe.

KUHAMISHA MCHE

Mashimo yachimbwe mwezi mmoja kabla ya mvua, upana futi moja na nusu na kina futi moja na nusu. Udongo wa juu uweke upande mmoja, na ule wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza na konzi moja ya mbolea ya fosfeti, urudishe shimoni, upigie kijiti mahali pa katikati. Samadi mbichi itokayo zizini jana ina moto, nayo huunguza mizizi.

Ngoja mpaka mvua imelowesha udongo kwa kina cha mkono, usidanganywe na manyunyu ya kwanza. Panda jioni, au siku ya mawingu. Mwagilia miche maji saa moja kabla ili udongo wa kifuko ushikane. Chana kifuko kwa wembe, usiuvute mche kwa shina. Ukiona mzizi umejizungusha chini kama kamba, ukate hapo ulipoanza kuzunguka. Usipoukata utazidi kuzunguka hivyo hivyo ardhini, na mti utadumaa mwaka wa pili bila wewe kujua sababu. Mche ukae kina kile kile ulichokuwa nacho kifukoni. Kama ni mche uliounganishwa, kiungo kiwe juu ya udongo shubiri moja au zaidi, na udongo usikiguse kamwe, la sivyo kichwa cha zambarau kitatoa mizizi yake na faida ya kuunganisha itapotea.

Shindilia udongo kwa mikono, si kwa kisigino. Fanya beseni la kushika maji. Tandaza nyasi kavu, lakini ziache mbali na shina kwa upana wa kiganja, kwa kuwa mchwa hupitia nyasini kulifikia shina. Majuma mawili ya kwanza uchomekee matawi yenye majani upande wa jua la alasiri.

Katika mwaka wa kwanza waweza kupanda maharagwe kati ya mistari. Usipande maboga, matango wala matikiti. Nzi wa matunda huyapenda hayo kama anavyopenda pasheni, nawe utakuwa umemkaribisha kwa chakula cha kungojea.

KUUONGOZA MPAKA JUU

Funga kamba kutoka kwenye waya mpaka kijiti kilicho kando ya mche. Hapa kamba ya katani ndiyo yenyewe, maana haikati shina, na hapana haja ya kuinunua mbali. Chagua machipukizi mawili yenye nguvu, uyazungushe juu ya kamba yanavyokua, na kila chipukizi lingine lililo chini ya waya ulikwanyue likiwa bado laini. Kazi hii ni ya kila juma. Dakika tano kwa mti zatosha, lakini ukiruka mwezi mmoja utakuta kichaka.

Machipukizi yakifika kwenye waya, moja lielekeze kaskazini na la pili kusini. Yakikutana na yale ya mti wa jirani, kata ncha. Sasa matawi madogo yataanza kuteremka kutoka kwenye waya kama pazia, na hayo ndiyo yatakayozaa. Yaachilie yaning'inie. Vikono vyake hupenda kuyafunga pamoja, hivyo uvikate ili hewa na jua vipite. Tawi likikaribia ardhi, likate shubiri moja kutoka chini. Baada ya kuzaa, tawi lile lipunguzwe likaribie waya, ukibakiza vifundo vichache, kwa sababu pasheni haizai tena katika mti mkongwe, huzaa katika chipukizi jipya tu.

NYUKI MWEUSI

Jambo hili wakulima wengi hawalijui, nalo ndilo hufanya mtu aseme, "Mti wangu una maua mengi lakini hauna tunda."

Ua la pasheni ya zambarau hufunguka alfajiri, nalo laweza kuzaa kwa unga wake lenyewe. La manjano hufunguka karibu na saa sita mchana, hufunga usiku ukiingia, wala halifunguki mara ya pili. Tena, halikubali unga wa mti wake wenyewe. Lataka unga wa mti mwingine, na mti huo uwe wa uzao mbalimbali. Ukipanda vipandikizi vilivyokatwa katika mti mmoja ni sawa na kupanda mti ule ule mara 16. Utapata kivuli kizuri. Ndiyo sababu tulisema mbegu zitoke katika miti kadha wa kadha.

Ni nani achukuaye unga huo? Si nyuki wa asali. Yeye ni mdogo, hupita chini ya vichwa vya ua bila kuvigusa, naye huondoka na unga wote kama mwizi. Mwenye kazi ni yule nyuki mkubwa mweusi, mwenye mvumo wa kutisha, anayetoboa miti ya paa. Mgongo wake huguswa na unga katika ua hili, naye huupaka katika ua lile. Twajua kwamba watu humwua kwa kuwa huharibu boriti, na watoto humwogopa. Lakini mwenye pasheni akimwua amejipunguzia mavuno. Sasa ichukue ile milingoti ya mkonge uliyoiweka kando, uifunge mahali pakavu karibu na mistari. Ndani yake ni laini, naye atapenda kutoboa humo kuliko kutoboa paa lako.

Nyuki wakiwa wachache, fanya kazi yao wewe mwenyewe. Alasiri, majani yakiwa makavu, chuma ua moja katika mti wa kwanza, ulipeleke kwenye mti wa pili, na vifuko vyake vitano vya unga uvipake juu ya vile vichwa vitatu vilivyo katikati ya maua ya huko. Ua moja latosha maua kadha. Watoto wakitoka shule wataifanya kazi hii upesi kuliko wazee. Na ukiwa na dawa ya kunyunyizia wadudu, itumie asubuhi na mapema, wala si baada ya saa sita, usije ukawaua watumishi wako wakiwa kazini.

TEMBO NA NYANI

Zaidi ya nusu ya nchi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, na kila mkulima wa Bura anajua maana yake. Waya wa pasheni si ua. Tembo huupita kama utando wa buibui. Basi jenga mistari yako karibu na nyumba, mahali mbwa wanapolala, na okota matunda yaliyoanguka kila asubuhi, maana harufu ya tunda lililoiva husafiri mbali. Huko Sagalla, karibu na Voi, shirika la Save the Elephants limeshirikiana na wakulima kuzungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya. Tembo akiutikisa waya nyuki hutoka, naye huwaogopa. Hao ni nyuki wa asali, hivyo faida yao ni ulinzi na asali, si unga wa pasheni. Nyani na tumbili ni shauri la mbwa na watu tu.

MAVUNO NA MARADHI

Tunda la manjano huanguka lenyewe likiiva, siku 60 mpaka 80 baada ya ua. Usilichume bichi. Mti uliopandwa Novemba utaanza kuzaa mwaka unaofuata, karibu na Agosti au Septemba ukitunzwa, na miaka mitatu hivi ndiyo maisha yake ya faida.

Ukiona majani yenye mabaka ya manjano yaliyokunjamana, na matunda madogo magumu kama ubao, huo ni ugonjwa unaoenezwa na vidukari na kwa kisu cha kupogolea. Hauna dawa. Ng'oa mti huo uuchome, na kisu ukipitishe motoni kabla ya kugusa mti mwingine. Madoa ya rangi ya kahawia juu ya majani na matunda huzidi wakati wa mvua penye kichaka kisichopitisha hewa. Pogoa kwanza, kisha ndipo uulize dawa ya shaba dukani. Mti ukinyauka wote kwa siku chache nao una maji, tazama shina karibu na udongo. Likiwa limegeuka rangi ya kahawia ndani, ung'oe pamoja na mizizi, na mahali hapo usirudishe pasheni. Panda ndizi au mahindi, na mstari mpya uuanze upande mwingine wa nyumba. Nguzo zikiwa bado nzima zitahama pamoja nawe.